Kapeti au Mbao Sebuleni? Vidokezo kwa Nyumba za Nakuru na Jirani Zake

Watu wengi huchagua sakafu ya sebule kwa macho. Wanaona kapeti ya manyoya dukani, au picha ya sebule yenye mbao zinazong'aa, wanalipa, kisha nyumba inaanza kuwafunza yale ambayo muuzaji hakuyataja. Huku kwetu Bonde la Ufa la kati, sakafu ina maadui watatu: vumbi, baridi na unyevu. Hawaji kwa kipimo kimoja. Anayeishi Kiamunyi anapambana na vumbi, wa Molo na baridi, wa Mwariki na maji ya ziwa.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa nyumba nyingi za huku, weka sakafu ngumu chini na zulia la kuhamishika juu yake, na pesa za kwanza ziende kwenye saruji ambayo mgeni hataiona. Hapa chini ni njia ya kufika hapo, pamoja na nyumba ambazo ushauri huo hauzifai.

1. Anza na mwinuko wa mahali unapoishi

Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi Molo unakaribia mita 2,500, na nyayo ndizo za kwanza kujua. Asubuhi ya Julai kule Molo, Elburgon au Kuresoi, kigae kinauma. Si kwamba kigae kina baridi kuliko mbao. Vikikaa chumba kimoja usiku kucha, joto lao huwa moja. Ila kigae na saruji hunyonya joto la mguu haraka, mbao hulinyonya polepole, na kapeti polepole zaidi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya Molo anapotaka mbao au kapeti, si anasa. Wa Lanet, Gilgil au Naivasha anaweza kuishi vizuri kabisa na vigae au saruji iliyosuguliwa, mradi pawe na zulia pale watu wanapoketi na kunyoosha miguu.

2. Lipe vumbi heshima yake

Sehemu kubwa ya udongo wa Nakuru ilitokana na majivu ya volkano, na Menengai iko pale juu kutukumbusha. Ni udongo mwepesi, laini kama unga, na kuanzia Januari hadi Machi, kabla mvua ndefu hazijashika, upepo unaupitisha chini ya kila mlango. Mitaa yenye barabara za murram ndiyo inayoumia zaidi.

Kwenye sakafu ngumu vumbi hilo unaliona na unalifagia. Kwenye kapeti linazama hadi kwenye mizizi ya nyuzi, na ufagio unalishindilia zaidi. Kibaya ni kwamba chembe zake zina makali. Kila mguu unaopita unazisugua kwenye nyuzi, ndiyo maana kapeti huanza kufa mlangoni na mbele ya kochi, huku pembeni ikiwa bado mpya. Mbao nazo hazisalimiki: chembe zile zile hukwaruza vanishi.

Dawa ni rahisi na haina gharama kubwa. Weka matandiko mawili ya mlangoni: moja gumu nje la kukwangua tope, jingine la kunyonya ndani. Viatu vivuliwe hapo. Weka pia kiti kifupi au benchi karibu na rafu ya viatu, maana kumwambia shosho au gogo avue viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja si adabu, na ni hatari.

3. Kapeti ya ukuta kwa ukuta: ifikirie mara mbili, kisha mara ya tatu

Hii siipendekezi kwa sebule ya Nakuru. Ikishagundishwa, huwezi kuitoa nje ikapigwa jua. Inahitaji mashine ya kuvuta vumbi, inayotumika kila wiki, si mara moja kabla ya Krismasi. Chai ikimwagika katikati, utaishi na doa hilo au usogeze meza juu yake.

Kwenye nyumba yenye mtu wa pumu, jibu ni fupi zaidi: hapana. Ndani ya kapeti huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaokula chembe za ngozi zinazotudondoka. Kinyesi chao ndicho kinachochokoza mapafu. Wanapenda joto la chumba na hewa yenye unyevu, na kapeti isiyotoka nje huwapa vyote viwili. Kama daktari amewahi kumpa mtoto wako pampu ya kuvuta, chagua sakafu unayoweza kuipangusa.

Nyumba za baridi kali juu ya Mau zinaweza kuwa na hoja, hasa chumbani. Sebuleni, pale chakula, watoto na wageni wa fellowship wanapokutana, bado ningesema zulia.

4. Zulia likitosha kipimo, nusu ya kazi imekwisha

Madukani mazulia mengi huuzwa kwa futi: 5 kwa 8, 6 kwa 9, 7 kwa 10. La futi 5 kwa 8 linafunika karibu mita 3.7 za mraba. La 7 kwa 10 linafika 6.5. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20, kwa hivyo lile dogo litaonekana limepotea katikati ya viti. Kanuni ninayoipenda: angalau miguu ya mbele ya makochi yote ikanyage zulia. Chukua magazeti au shuka, yatandike kwa kipimo hicho, uketi, utembee, ufungue mlango. Mlango ukikwama kwenye shuka, utakwama vibaya zaidi kwenye manyoya.

Manyoya marefu yanapendeza na yanapasha miguu joto, lakini yanaficha makombo, pini na tope. Penye watoto wadogo, chukua nyuzi fupi zilizoshikana. Sufu halisi ni ghali kuliko nyuzi za plastiki, ila ina sifa mbili zinazofaa huku: huweza kushika unyevu mwingi bila kuonyesha kwamba imelowa, na cheche ikianguka juu yake huungua polepole na kuacha majivu badala ya kuyeyuka. Adui yake ni nondo, kwa hivyo ikunjue na kuigeuza mara kwa mara. Kando ya Ziwa Naivasha kuna wafumaji wa mazulia ya sufu kwa mkono; ukipita huko, ingia uguse, hata kama hununui siku hiyo.

5. Uliza kwanza litaoshewa wapi na litakauka lini

Nakuru hili tumelitatua vizuri. Vijana wa car wash wanaosha gari asubuhi na kapeti mchana, kwa maji ya presha, kisha wanaitundika kwenye vyuma hadi ikauke. Kukauka ndiko kwenye maana. Zulia linalorudishwa ndani likiwa na unyevu tumboni linaanza kunuka, kisha linaota ukungu upande wa chini ambao huuoni. Libane kwa vidole sehemu nene kabisa kabla hujalipia. Kwa watu wa Molo na Mau Summit, panga kuosha Januari au Februari; ukipeleka Julai, jiandae kukaa siku kadhaa bila zulia.

6. Umetamani mbao? Pima saruji kwanza

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningependa ukisome mara mbili. Mbao nyingi zinazovimba, kupinda au kuoza hazikuwa mbao mbaya. Zililazwa juu ya saruji iliyokuwa bado na maji.

Saruji huonekana kavu juu kabla haijakauka ndani. Kipimo cha mafundi wengi duniani ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Slabu ya milimita 100 inahitaji miezi minne hivi, na kwenye baridi au mvua zaidi ya hapo. Jaribio la nyumbani ni hili: kata kipande cha nailoni safi, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa selotepu nzito pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache usiku kucha na kutwa. Ukikifunua ukakuta matone ya maji chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, usilaze mbao. Subiri, au tafuta unyevu unatoka wapi.

Kama bado unajenga, simama mwenyewe siku slabu inamwagwa. Hakikisha nailoni nzito imetandikwa chini yake, mapande yake yamepandana vizuri, na vijana hawaitoboi kwa koleo na wilbaro. Nailoni hiyo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba, na ikishafunikwa hakuna wa kuirudia.

Kisha kuna maji ya ziwa. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru limefukuza familia Mwariki na Barut, na Naivasha maji yameingia nyumba za Kihoto. Ukiwa tambarare karibu na ziwa, hata kama maji hayajafika kwako, unyevu wa ardhini uko juu. Weka vigae na zulia unaloweza kulibeba kwa dakika tano.

7. Jua mti unaoununua

Tunaishi chini ya msitu wa Mau, na wengi wetu tumezoea kuona mbao zikishuka kutoka Elburgon na Molo. Lakini zinazoshuka kihalali ni za mashamba ya miti ya kupandwa: saiprasi, paini, mkaratusi. Miti ya asili kama podo na mutarakwa, iliyotumika katika nyumba nyingi za zamani, hairuhusiwi kukatwa katika misitu ya serikali tangu miaka ya 1980. Mtu akikuuzia podo mbichi kwa bei ya kunong'onezana, mkatalie. Maji ya mito yetu na ya Ziwa Nakuru lenyewe yanatoka kwenye msitu huo.

Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wote katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Molo kwamba imeondolewa. Miaka hiyo mitano iliwafunza wenye mashine za mbao na wateja wao kutegemea zaidi mashamba ya watu binafsi na mbao za nje.

Kwa sakafu, saiprasi na paini ni laini. Zinafaa, zina harufu nzuri, ila kisigino chembamba na mguu wa kiti huacha alama. Mkaratusi ni mgumu, lakini usipokaushwa kwa subira hupinda na kupasuka. Mukima, ule mti wa kivuli mashambani, una mistari mizuri sana na wengi hawaufikirii kwa sakafu. Ukitaka mbao ngumu za kudumu vizazi, kama mvule, nyingi hutoka Uganda na Kongo, na bei yake inabeba safari hiyo. Dai risiti na kibali cha usafirishaji. Muuzaji wa halali hakasiriki ukiviuliza.

8. Mbao izoee chumba kabla ya msumari

Mbao hupanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka, hata baada ya kupigwa vanishi. Kwa matumizi ya ndani, unyevu wake unapaswa kuwa karibu asilimia 10 hadi 12. Fundi mzuri ana kipima unyevu au anajua wa kumwazima. Mwambie wazi: "Fundi, tupime kwanza hapa nikiona." Akikuambia anajua kwa kugonga tu, mshukuru na utafute mwingine.

Baada ya hapo, mbao zikae ndani ya sebule yenyewe wiki moja au mbili, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Si kwenye veranda, si stoo. Wakati wa kulaza, ziachwe nafasi ya milimita 10 hadi 15 kutoka ukutani pande zote. Ubao wa pembeni utaifunika. Fundi anayezibana hadi ukutani ili ionekane safi anakuandalia sakafu itakayoinuka katikati mvua ya Aprili ikija. Nunua pia asilimia 10 zaidi ya kipimo. Kwa sebule yetu ya mita 20 za mraba, hiyo ni mita 22.

9. Nyumba ya zamani? Inua pembe ya kapeti

Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na nyumba za enzi ya reli na walowezi bado zipo, Milimani na kwenye mashamba ya kuelekea Njoro na Molo. Baadhi yake zina sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, na chini yake hewa hupita kupitia matundu madogo kwenye msingi. Miaka imepita, watu wametandika kapeti juu ya kapeti, na aliyepanga leo hajui anakanyaga nini.

Inua pembe moja. Ukikuta mbao nene zilizo nzima, una hazina. Ubao wa milimita 20 unaweza kusuguliwa kwa mashine ya msasa mara kadhaa katika maisha yake, na kila mara ukatoka na sura mpya. Ila kabla ya msasa, toka nje uzunguke msingi. Mara nyingi utakuta matundu ya hewa yamezibwa kwa saruji, au bustani ya maua imerundikwa juu yake. Yafungue. Mbao hizo zimeishi muda wote huo kwa sababu ya ile hewa. Kisha zichome kwa bisibisi hapa na pale. Inakozama bila nguvu, mchwa au uozo umetangulia, na sehemu hiyo ibadilishwe.

10. Mkeka wa mbao una mahali pake

Hakuna sakafu iliyoenea haraka huku katika miaka ya karibuni kama mkeka wa mbao, ile plastiki yenye picha ya mbao inayouzwa kwa mita. Ni ya bei nafuu, inapanguswa kwa dakika chache, inaficha saruji iliyochimbika, na familia nyingi za Kaptembwa, Rhonda na Pipeline zimepata kwayo sebule safi ya kujivunia. Ninaipenda kwa sababu hiyo.

Ijue tu tabia yake. Picha iko kwenye ngozi nyembamba ya juu, kwa hivyo uliza unene kwa milimita na uilinganishe kwa kuikunja mkononi. Haipashi miguu joto kama mbao. Saruji ikiwa na unyevu, maji hukwama chini yake na kunuka. Iinue kila baada ya miezi michache uangalie. Kabla ya kuitandika, fagia mara mbili, kwa sababu kokoto moja iliyoachwa itatokeza shimo baadaye.

11. Jiko la makaa

Watu wa juu huko huingiza jiko sebuleni jioni, nami naelewa baridi hiyo. Kapeti ya plastiki na mkeka wa mbao huyeyuka kaa likidondoka, na vanishi huungua. Jiko likae juu ya kigae au bati lenye ukingo, mbali na zulia. Na dirisha liwe wazi, hata kama baridi inaingia, kwa kuwa hewa ya sumu ya makaa haina harufu na inaua watu usingizini. Usilale na jiko ndani.

12. Mpangaji asijenge nyumba ya mwenyewe

Unalipa kodi mwezi kwa mwezi? Usigundishe chochote. Zulia na mkeka utahama navyo. Mbao zitabaki kwa landilodi. Kama unapanga kukaa miaka mingi, zungumza naye kabla, mkubaliane kwa maandishi nani anagharamia nini.

13. Anayeishi chini yako ana masikio

Kwenye fleti za Section 58 au Naka, sakafu ngumu hupeleka kila hatua kwa jirani wa chini. Zulia nene lenye sponji chini yake linapunguza kelele nyingi, na linamzuia mtoto anayejifunza kutembea asigonge kichwa kwenye kigae. Kwa wazee, zulia jembamba linaloteleza juu ya mbao iliyopigwa polishi ni mtego. Tandika chini yake wavu wa mpira wa kuzuia kuteleza, na kingo zinazojikunja zishonwe au zibandikwe.

14. Mbao haipigwi deki

Tumelelewa na ndoo na kitambara: mwaga, sugua, kamua. Kwa vigae na saruji, vyema. Kwa mbao, maji yale huingia kwenye viungo na kuzivimbisha kuanzia kingo. Fagia kwa ufagio laini, kisha pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe tone. Mweleze anayekusaidia kazi za nyumbani siku ya kwanza, umwonyeshe kwa mikono yako.

15. Linganisha bei kwa miaka kumi

Chukua karatasi. Upande mmoja andika bei ya zulia, mara ngapi litaoshwa kwa mwaka, na utalibadilisha baada ya miaka mingapi. Upande wa pili andika mbao, fundi, vanishi, na msasa mmoja wa kuirudishia sura. Zidisha hadi miaka kumi. Kwa mwenye nyumba yake, kavu, asiyehama, mbao mara nyingi huacha kuonekana ghali. Kwa wengine, saruji nzuri na zulia hushinda waziwazi.

16. Jua la huku, na akiba ya ukarabati

Ikweta inapita kaskazini kidogo mwa mji, na kwenye mwinuko huu jua la dirishani hufifisha rangi za zulia na kubadilisha za mbao. Geuza zulia nusu mzunguko kila miezi sita. Vuta pazia mchana upande unaopigwa jua. Na zile mbao zilizobaki baada ya fundi kumaliza, usizifanye kuni: zifunge, andika mti na duka zilikotoka, uzihifadhi ndani ya nyumba, juu ya kabati, hapo hapo zinapovuta hewa moja na wenzao walio sakafuni.